Majibu kwa Wasomaji: Swichi ya Inverta Inapokufa Bila Kelele

Barua za toleo hili zimejaa inverta: za pampu, za nyumbani, za viwandani, na moja inauliza kuhusu mitambo mikubwa inayosafirisha umeme baina ya nchi. Kabla ya kuzijibu, ni vyema nieleze jambo moja litakalojirudia. Ndani ya vifaa vingi vinavyogeuza umeme, iwe kutoka DC (mkondo wa upande mmoja) kwenda AC (mkondo wa kwenda na kurudi) au kinyume chake, zipo swichi za kielektroniki zinazopitisha na kuzuia mkondo, mara nyingi kwa maelfu ya mizunguko katika sekunde moja. Swichi hizo hufa kwa namna mbili. Namna ya kwanza ni kupiga shoti, yaani swichi hupitisha mkondo wakati wote hata inapoamriwa kuzima. Namna ya pili ni kukatika, yaani haipitishi tena hata inapoamriwa kuwaka. Mafundi wanaifahamu vyema ile ya kwanza, kwa sababu hulipua fyuzi, hutoa moshi na kuisimamisha mashine papo hapo. Ya pili ndiyo yenye kutuhangaisha, kwa kuwa mashine huendelea kuzunguka ikiwa mgonjwa, huku mita ya kawaida ikionyesha kwamba kila kitu ni kizima.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi ni mkulima wa mpunga wilayani Kilosa. Nina pampu ya fezi tatu ya kilowati 7.5 inayoendeshwa kwa inverta ya kupunguza na kuongeza kasi. Kwa muda sasa pampu inanguruma na kutetema, maji yamepungua, na mota inachemka kuliko kawaida. Fundi aliipima inverta kwa multimita, akasema dayodi zote ni nzima, hivyo ubovu uko kwenye mota. Nimeisuka mota upya na hali ni ileile. Je, fundi alinidanganya? — Mkulima, Kilosa

JIBU: Hakukudanganya, ndugu yangu. Alichopima alikipima sawasawa, ila kipimo hicho hakiwezi kuona ugonjwa ninaoushuku hapa.

Inverta ya fezi tatu ina swichi sita za aina ya IGBT, yaani transista za kubeba mkondo mkubwa, mbili kwa kila fezi: ya juu imeunganishwa na upande chanya wa umeme wa DC uliomo ndani ya inverta, na ya chini imeunganishwa na upande hasi. Kila swichi imewekewa dayodi pembeni yake, inayopitisha mkondo kwa mwelekeo ulio kinyume na ule wa swichi. Fundi anapoweka mita kwenye alama ya dayodi na kugusa U, V na W, yaani terminali tatu za kwenda kwenye mota, dhidi ya chanya na hasi, anachokipima ni dayodi hizo sita. Akipata usomaji wa takribani volti 0.3 hadi 0.5 upande mmoja na mita isipopitisha upande wa pili, amethibitisha mambo mawili tu: dayodi ni nzima, na hakuna swichi iliyopiga shoti. Kama swichi yenyewe imekatika, usomaji utakuwa uleule, kwa sababu wakati wa kipimo hicho hakuna anayeiamuru swichi iwake.

Sasa tuone kinachotokea mota inapozunguka. Tuseme swichi ya juu ya fezi U imekatika. Mkondo wa fezi hiyo unapaswa kwenda mbele na kurudi nyuma, mara hamsini kwa sekunde ikiwa inverta iko kwenye hezi 50. Bila swichi ya juu, nusu ya kwenda mbele hupotea karibu yote na nusu ya kurudi hubaki. Kwa kuwa mota ya waya tatu haina njia nyingine ya kurudishia umeme, jumla ya mikondo mitatu lazima iwe sifuri kila wakati. Hivyo upungufu wa U hulazimika kufidiwa na V na W, ambazo nazo hupoteza usawa wao. Matokeo yake ni kwamba ndani ya mota kunakuwa na mkondo wa DC uliochanganyika na ule wa AC, na nguvu ya kuzungusha ekseli inakuwa ya kupanda na kushuka kama baiskeli inayokanyagwa pedali ya upande mmoja. Hapo ndipo ulipo mngurumo wako. Joto nalo linatokana na mkondo usiozalisha kazi, na swichi tano zilizobaki zinabeba mzigo ambao hazikukadiriwa kuubeba, jambo linaloweza kuzifanya zife moja baada ya nyingine.

Kipimo kinachofaa hakihitaji gharama kubwa. Tafuta klampu mita, yaani mita inayobana waya kwa nje na kusoma mkondo wake, iwe ni ile inayosoma DC, maana zile za bei nafuu husoma AC peke yake na haziuoni kabisa mkondo wa DC tunaoutafuta. Irudishe klampu kwenye sifuri, endesha pampu kwa kasi isiyobadilika ya kama hezi 40, kisha ubane waya mmoja mmoja kati ya ule wa U, wa V na wa W ukiwa umechagua DC. Kwenye inverta isiyo na ubovu usomaji wa kila waya utakuwa karibu na sifuri. Ukikuta waya mmoja una ampea kadhaa za DC kwa alama fulani, na mmoja au yote miwili iliyobaki ina alama iliyo kinyume, swichi moja ya fezi ile ya kwanza haifanyi kazi. Alama yenyewe inakueleza ni swichi ipi: ukiwa umeelekeza mshale wa klampu upande wa mota, usomaji hasi maana yake ni kwamba ya juu imekufa, na usomaji chanya maana yake ni kwamba ya chini imekufa.

Kama unataka kuondoa mashaka kati ya mota na inverta, zima umeme, subiri, kisha zungusha waya tatu za mota: uliokuwa U uende V, wa V uende W, na wa W uende U. Kwa mpangilio huo pampu itaendelea kuzunguka upande uleule. Pima tena. Ubovu ukibaki kwenye terminali ileile ya inverta, inverta ndiyo mbovu. Ukihama pamoja na waya, tafuta kwenye kebo au kwenye mota. Kipimo hiki kingefanyika mapema kingekuokolea gharama za kusuka mota.

Nimesema usubiri, na neno hilo lisipuuzwe. Inverta inayolishwa kwa volti 400 za fezi tatu huhifadhi kwenye kapasita zake umeme wa DC wa takribani volti 540 hadi 565, na kapasita hizo hubaki na chaji baada ya umeme kuzimwa. Fuata muda ulioandikwa kwenye kibandiko cha mtengenezaji, kisha pima mwenyewe kati ya chanya na hasi, na usiguse kitu mpaka usomaji uwe chini ya volti 50. Wanaotumia inverta za pampu za sola wakumbuke kwamba kuzima inverta hakuzimi paneli. Maadamu jua linawaka, waya za paneli zina umeme mpaka swichi ya DC ya kuzitenga izimwe.

Jambo la mwisho kwako: swichi isiyowaka si lazima iwe imekufa yenyewe. Huenda haipati amri. Kila IGBT inalishwa na saketi ndogo ya kuiendesha geti yake (mguu unaopokea amri), yenye optokapla (kipande kinachopitisha amri kwa mwanga) na umeme wake mdogo unaojitegemea, na kapasita ndogo ya saketi hiyo ikikauka, swichi nzima kabisa hukaa kimya. Mwambie fundi aitoe IGBT kwenye saketi, aguse geti na emita kwa betri ya volti 9, chanya kwenye geti, kisha apime kolekta kwenda emita, ambayo ndiyo miguu miwili ya mkondo mkuu, kwa alama ya dayodi, waya mwekundu ukiwa kwenye kolekta. Ikipitisha, halafu ikaacha kupitisha baada ya geti kuunganishwa na emita, swichi ni nzima na ubovu uko kwenye saketi ya kuiendesha, ambayo kwa kawaida ni nafuu kutengeneza. Multimita peke yake haitoshi kuiwasha, kwa sababu IGBT nyingi huhitaji volti 5 hadi 6 kwenye geti ndipo zianze kupitisha.

SWALI: Fundi, shikamoo. Natengeneza redio na inverta ndogo za volti 12 hapa Tabora. Inverta ya wati 1,000 ililetwa ikiwa imepiga shoti mosfeti za upande mmoja. Nilizibadilisha zote za upande huo, ikawaka, na baada ya dakika chache zikaungua tena. Nimerudia na yakatokea yaleyale. Tatizo ni mosfeti bandia? — Fundi kijana, Tabora

JIBU: Marahaba, kijana. Mosfeti bandia zipo sokoni, lakini usianze na lawama hiyo. Upande unaoungua mara nyingi ni ule usio na ubovu. Mgonjwa ni ule mwingine.

Inverta nyingi za aina hiyo zina makundi mawili ya mosfeti, ambazo nazo ni swichi za kielektroniki, yanayopokezana kusukuma mkondo kwenye transfoma, kundi moja likiwaka wakati jingine limezimika. Transfoma hustahimili mpango huo kwa sababu usumaku unaojengwa na kundi la kwanza huondolewa na kundi la pili. Kundi moja likikosa amri, kwa mfano kwa sababu rezista ya geti imekatika au transista ndogo ya kulisha geti imekufa, usumaku unajengwa upande mmoja tu, kiini cha transfoma kinajaa, na kikishajaa transfoma haiwezi tena kuuzuia mkondo. Kundi linalofanya kazi ndilo linalobeba adhabu. Umeona basi kwamba swichi iliyokatika kimyakimya inaweza kuwa chanzo cha shoti unayoitibu kila mara.

Kwa hiyo, kabla ya kuweka mosfeti mpya, washa saketi ya kuongozea peke yake bila kuunganisha transfoma, na uangalie geti za pande zote mbili kwa osiloskopu, kifaa kinachochora umbo la volteji. Pande hizo zinapaswa kufanana kwa urefu wa volteji na kwa muda wa kuwaka. Kama huna osiloskopu, multimita kwenye DC itakupa wastani, na wastani wa pande mbili ukitofautiana sana umeshampata mwizi wako. Pima rezista zote za geti moja baada ya nyingine, kwa sababu mosfeti inapopiga shoti mara nyingi huiunguza rezista yake pamoja na transista inayoilisha. Mosfeti zenyewe zimefungwa sambamba, hivyo moja ikipiga shoti zote huonekana zina shoti. Zitoe ndipo uzipime.

Unapowasha kwa mara ya kwanza, usiunganishe betri moja kwa moja. Weka balbu ya gari ya volti 12 mfululizo na waya chanya, bila mzigo wowote upande wa kutoa. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, zima, kwa maana bado kuna shoti au transfoma inajaa. Na mwambie mteja wako kwamba wati 1,000 kwenye volti 12 ni zaidi ya ampea 83 hata kabla ya kuhesabu upotevu, hivyo nati iliyolegea kwenye betri inatosha kuiangusha volteji na kuisumbua inverta nzima.

SWALI: Ninasoma umeme katika chuo cha ufundi jijini Arusha. Mwalimu alisema IGBT iliyopatwa na shoti hufa ndani ya mikrosekunde 10. Fyuzi haiwezi kuwahi hapo. Je, mashine kubwa zinawezaje kuligundua jambo hilo kwa wakati, na je, zinaweza pia kugundua swichi iliyokatika? — Mwanafunzi, Arusha

JIBU: Swali lako limenifurahisha, na nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Mwalimu wako yuko sahihi. IGBT nyingi zimeundwa zistahimili mkondo wa shoti kwa muda wa takribani mikrosekunde 10, na baadhi ya zile mpya ni chini ya hapo. Mosfeti za silikoni kabaidi hustahimili mikrosekunde 2 au 3 tu katika aina nyingi. Fyuzi huhesabu kwa milisekunde. Kazi ya fyuzi ni kuzuia moto na mlipuko, wala haikuwekwa kuiokoa swichi.

Mlinzi wa kweli anakaa kwenye saketi ileile inayoendesha geti. Swichi inapopitisha mkondo wa kawaida, volteji kati ya kolekta na emita huwa ndogo, kama volti 2 hivi. Mkondo ukizidi mno, swichi hushindwa kuendelea kuubeba kwa volteji ndogo, na volteji hiyo hupanda kuelekea volteji nzima ya DC. Saketi hupima volteji hiyo kupitia dayodi ya volteji kubwa, na ikivuka kiwango kilichowekwa, mara nyingi kati ya volti 7 na 9, swichi inaamriwa kuzima. Kuna ugumu mmoja: swichi inapoanza tu kuwaka, volteji yake bado inashuka kutoka juu, na mlinzi angedhani kuna shoti kila mara. Kwa hiyo hufumbwa macho kwa mikrosekunde chache za mwanzo. Ukimfumba kidogo mno atazima mashine nzima bila sababu, na ukimfumba mno atafumbua macho akute swichi imekwisha kufa. Hapo ndipo uhandisi wa saketi hizi ulipo hasa.

Hata kuzima nako kuna hatari. Waya na bamba za ndani ya inverta zina uinduktansi mdogo, yaani tabia ya kupinga mkondo usibadilike ghafla, tuseme nanohenri 50. Ukikata ampea 1,000 ndani ya mikrosekunde 0.1, hesabu inakupa volti 500 zinazoongezeka juu ya zile za DC. Kwenye mtambo wa volti 560 utafika volti 1,060, karibu kabisa na kikomo cha IGBT ya volti 1,200. Ndiyo sababu saketi nzuri, inapogundua shoti, huishusha geti taratibu badala ya kuizima kwa kishindo.

Kuhusu swichi iliyokatika, haraka ya mikrosekunde haihitajiki, lakini akili inahitajika zaidi. Njia inayoeleweka kwa urahisi ni ya wastani wa mikondo. Mashine tayari ina vipima mkondo kwa ajili ya kuiongoza mota, hivyo hakuna kifaa kipya kinachohitajika. Kompyuta ndogo ya mashine hukokotoa wastani wa kila fezi katika mzunguko mmoja, kisha huugawa kwa wastani wa ukubwa wa mkondo huohuo bila kujali alama. Fezi nzima hutoa jibu lililo karibu na sifuri. Fezi iliyopoteza swichi moja, ambayo mkondo wake sasa una alama moja tu, hutoa jibu linalokaribia 1 au hasi 1. Faida ya kugawa ni kwamba jibu halitegemei ukubwa wa mzigo. Kwenye hezi 50 ugonjwa unaweza kutambuliwa ndani ya milisekunde 20 hivi, yaani mzunguko mmoja.

Usije ukaamini kwamba njia hii haina dosari. Mota ikiwa haina mzigo au inazunguka polepole sana, mikondo inakuwa midogo kiasi kwamba kelele za vipimo zinaweza kufanana na ugonjwa. Kasi ikibadilishwa ghafla, wastani huyumba kwa muda hata kama swichi zote ni nzima. Kwa hiyo wabunifu huweka kiwango cha chini cha mkondo ambacho chini yake hukumu haitolewi, na hutaka dalili idumu kwa muda fulani kabla ya kutangaza ubovu. Wapo wanaopima pia volteji ya kutoa na kuilinganisha na amri zilizotolewa kwa swichi, njia ambayo hutoa jibu haraka zaidi lakini hudai vipima vya ziada. Kwa maoni yangu, kwa pampu na feni ambazo huzunguka kwa kasi tulivu, wastani wa mikondo unatosha kabisa, na anayeuziwa vipima vya ziada kwa kazi hizo aulize kwanza anavinunulia nini.

Ongeza na hili kwenye daftari lako: swichi nyingi zilizokatika zilianza kuugua zamani. Ndani ya moduli, kipande cha silikoni kimeunganishwa kwa nyaya nyembamba za aluminiamu. Kwa kila digrii ya joto aluminiamu hutanuka takribani mara nane kuliko silikoni, hivyo kila mashine inapochemka na kupoa, maungio hayo huvutana na hatimaye nyaya huanza kubanduka mmoja mmoja. Volteji ya swichi inapokuwa inapitisha mkondo huongezeka kidogo kidogo, na watafiti wengi huhesabu ongezeko la asilimia 5 kuwa ni dalili kwamba moduli imefikia mwisho wa maisha yake.

SWALI: Inverta ya mashine yangu ya kusaga inazima na kuonyesha kosa la kukosa fezi upande wa kutoa. Jirani ameniambia ulinzi huo unaweza kuzimwa kwenye mipangilio ili kazi iendelee. Nifanye hivyo? — Mwenye mashine, Kahama

JIBU: Usifanye. Kosa hilo ndilo taarifa ya swichi iliyokatika, au waya wa mota uliolegea, na ukilizima utaipata barua ya mkulima wa Kilosa ikiwa na jina lako. Kaza terminali kwanza, kisha fuata kipimo cha klampu nilichoeleza hapo juu.

SWALI: Ninaishi kaunti ya Narok, si mbali na kituo cha Suswa ambako umeme wa Ethiopia unaingia Kenya. Nimesikia kituo hicho kina swichi nyingi sana. Je, moja ikifa, nchi inakosa umeme mpaka ibadilishwe? — Msomaji, Narok

JIBU: La, haikosi, na sababu yake inavutia. Njia hiyo, iliyoanza kusafirisha umeme mwishoni mwa mwaka 2022, ni ya DC yenye waya wa kilovolti 500 chanya na waya wa kilovolti 500 hasi ukilinganisha na ardhi, yenye urefu wa takribani kilomita 1,045 kutoka Wolayita Sodo hadi Suswa na uwezo wa megawati 2,000. Swichi zake ni thairista, yaani swichi zinazowashwa kwa amri lakini huzimika pale tu mkondo unapokoma, ambazo hazifungwi kwa nyaya nyembamba kama IGBT za pampu, bali hubanwa kwa nguvu kati ya vipande viwili vya metali. Thairista iliyobanwa hivyo inapokufa hupiga shoti na kubaki ikipitisha mkondo. Kwa kuwa thairista nyingi zimepangwa mfululizo, na idadi yake imezidishwa makusudi, iliyokufa hugeuka kuwa kipande cha waya tu na wenzake hugawana volteji yake.

Ugunduzi wake nao ni wa kipekee. Kwenye mitambo ya aina hii kila thairista ina saketi ndogo inayorudisha ishara ya mwanga kupitia nyuzi za kioo kila inapoona volteji ya kawaida juu yake. Thairista iliyopiga shoti haina volteji, hivyo mwanga wake hauji, na chumba cha udhibiti hujua ni ipi na iko kwenye safu gani. Mafundi huiandika na kuibadilisha wakati wa matengenezo yaliyopangwa. Mtambo husimamishwa pale tu idadi ya zilizokufa katika safu moja inapozidi akiba iliyowekwa.

Ukisikia siku moja kwamba Suswa imeyumba, usidhani mara moja kuwa swichi zimeungua. Kituo kinachopokea umeme wa DC kwa thairista hutegemea volteji ya gridi ya AC iliyo nzima ili mkondo uhame kutoka thairista moja kwenda nyingine. Gridi ikishuka ghafla, kwa mfano kwa sababu ya radi au hitilafu ya laini nyingine, mkondo unaweza kushindwa kuhama na thairista ikaendelea kupitisha ilipopaswa kuacha. Kwenye vipimo hali hiyo inafanana na shoti, lakini thairista zote ni nzima, na kwa kawaida mtambo hurejea wenyewe ndani ya sehemu ya sekunde mara volteji ya gridi inapotulia.